Maiki ya Mwisho

Wapendwa, kwaya moja iliamua kurekodi nyimbo zake ndani ya ibada, na fundi mitambo akaleta miksa ya kidijitali, ile ambayo kila maiki ina njia yake ya kuingia kwenye kompyuta. Alipokuwa anachomeka nyaya, mama mmoja mzee wa sauti ya pili akamsogelea. Daktari alikuwa amemwambia koo lake halitaimba tena muda mrefu.

"Mwanangu, na mimi nitaingia humo? Nataka wajukuu wabaki na sauti yangu."

"Utaingia, mama. Hii maiki ya mwisho ni yako peke yako."

Watu wakajaa, kwaya ikajipanga, fundi akawasha kurekodi. Hapo mwalimu wa kwaya akapita nyuma ya yule mama, akamwinamia fundi, aliyekaa na miksa yake kando ya ile maiki ya mwisho, na kumnong'oneza, "Mshushe huyu bibi. Sauti inatetemeka, anatuharibia. Hata hatajua."

Fundi aliona vibaya, lakini ataanzaje kubishana na mwalimu wakati watu wameshasimama? Akamshusha sauti mpaka chini kabisa. Kanisa zima halikumsikia, na yeye mwenyewe hakujisikia kwenye spika. Ungekuwa wewe ungeendelea? Mimi ningefunga mdomo na kununa. Yule mama aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Jumamosi wakakusanyika kusikiliza, sauti moja moja. Ilipofika zamu ya mama, mwalimu akasema haraka, "Ruka hiyo, haina kitu."

"Inacho, mwalimu. Nilimshusha kwenye spika tu. Kompyuta inachukua sauti pale inapotoka kwenye maiki, kabla mkono wangu haujaigusa."

Akaifungua. Na cha kwanza kusikika hakikuwa wimbo. "Mshushe huyu bibi..." Sauti ya mwalimu, safi, mpaka neno la mwisho! Kisha ndipo mama akaanza kuimba, anatetemeka, lakini hajapotea hata mahali pamoja. Watu wakainamisha vichwa.

"Futa," mwalimu akasema, machozi yanamlengalenga. "Tafadhali, futa hapo mwanzo."

Mama akamshika mkono. "Afute tu, mwanangu. Mimi nilikusikia siku ile ile. Ndiyo maana niliimba vile. Sikuwa naimbia spika."

Ndugu zangu, sisi tuna mikono myepesi sana. Tunamshusha mjane kwenye kikao cha ukoo, tunamshusha mkwe mezani, tunajisemea hata hatajua. Na wengine mliokaa hapa ndio mlioshushwa. Mmechoka, mnajiuliza mnamwimbia nani. Imbeni, jamani! Mungu hasikilizi kwenye spika. Anachukua pale pale mdomoni.

Anachukua wimbo wa mama, na anachukua mnong'ono wa mwalimu. Sasa niambie, njia yako wewe ikifunguliwa leo mbele ya watu wote, tutasikia nini kwanza?