Simu Iliyopatana Bei Yenyewe

Tajiri Shekue, muuza simu wa Korogwe, hakuwahi kumpunguzia mtu bei.

"Simu hii ina akili kukushinda," alimwambia Bi Mashavu mbele ya wateja. "Iulize bei. Ikikubali yako, chukua!"

"Elfu kumi?" Bi Mashavu akaiuliza.

"Laki tisa," simu ikajibu, kama ilivyofunzwa.

"Mh! Hebu kwanza niione tochi yake. Na kamera. Na video."

Shekue akamwonyesha kwa majivuno. Bi Mashavu akatazama video ya harusi nzima, tochi ikiwaka, mpaka chaji ikaisha, simu ikazimika. Ndipo akainong'oneza tena:

"Elfu kumi, mwanangu?"

Kimya.

Akaweka noti mezani, akaitia simu kifuani.

"Binti akiposwa akanyamaza," akawaambia wateja, "amekubali."