Kwa Nini Aangukaye Huambiwa Pole

Kaeni kitako. Nawe uliyecheka mwenzio alipojikwaa pale mlangoni, sogea karibu, maana hadithi hii ni yako hasa.

Zamani, milima ya Upare ingali mipya, hapakuwa na kitu kilichoanguka. Chungu ukikiachia, kilibaki hapohapo hewani kikikungoja. Na kitu ukikisukuma kilikwenda, kikaendelea kwenda, mpaka kizuiwe. Watu wazima walijua kunyata, lakini mtoto hajui kunyata, kwa hiyo kila mtoto alifungwa kamba ya mgomba kiunoni na kwenye nguzo ya nyumba.

Nakijwa alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbonea, aliyempata baada ya kukata tamaa kabisa. Asubuhi moja alimfungua kamba ampake mafuta. Kumbe mafuta na mtoto mwenye furaha havishikiki! Mbonea alipiga teke ardhi, akamponyoka mamaye, akapanda huku anacheka. Nakijwa alitaka kuruka amfuate, majirani wakamshika. Kicheko kule juu kikageuka kilio, nacho kikazidi kufifia.

Basi akalala kifudifudi. "Ee Ardhi, mama yetu, niitie mwanangu."

Ardhi akamjibu, "Sijawahi kuita, binti yangu. Nikimwita mmoja nimewaita wote, maana sina upendeleo. Jiwe na mtoto kwangu ni sawa. Tena nikianza sinyamazi. Vyungu vitavunjika, magoti yatachubuka. Lawama za wenzio utaziweza?"

"Ita tu, mama. Nitazibeba."

Ardhi akaita. Kwanza kupanda kwa Mbonea kukapungua, akasimama kidogo, kisha akaanza kushuka taratibu. Lakini Ardhi hakunyamaza, na kila wito uliongeza mwendo juu ya mwendo aliokwisha kuwa nao, hata akawa anakuja mbio. Wanawake wakatandaza ngozi ya ng'ombe, wakaikaza. Akatua humo, akalia kwa nguvu zake zote, na Nakijwa naye akalia.

Hapo ndipo walipokumbuka mshindo uliosikika nyuma yao Ardhi alipoanza kuita. Bibi Nambike, mfinyanzi, alikuwa ameacha vyungu vyake vikauke hewani. Vyote vilikuwa vigae.

Watu wakamtazama Nakijwa. Alimbeba mwanawe mgongoni, akapiga magoti, akaanza kuokota vigae. "Pole, bibi. Mimi ndiye niliyeomba."

Nambike alivitazama vigae, maana ile ilikuwa kazi ya msimu mzima. Kisha akaushika mguu wa mtoto, ungali una mafuta. "Hata mimi ningeomba," akamwambia Nakijwa. "Pole na wewe, mwanangu."

Na tangu siku hiyo kila kinachoachiwa huanguka, na kadiri kinavyoanguka ndivyo kinavyozidi kasi, kwa sababu Ardhi bado anaita. Na mtu akianguka mbele yetu, hata kama hatukumgusa, tunamwambia pole, maana ombi lile, kama Nambike, tulilikubali sote.

Haya, wewe uliyecheka. Mwenzio yule pale, anajifuta goti.