Vikapu vya Ndiga

Kaeni, niwapeleke.

Tupeleke, Bibi.

Ni mbali.

Twende.

Basi tumefika. Huku tulikofika hakuna barabara, hakuna duka, wala hakuna mtu anayejua umri wake. Mungu bado anakaa karibu, juu kule kwenye chemchemi. Shetani naye anakaa karibu, chini kule kwenye kinamasi. Watu wako katikati, wanakunywa maji ya kijito kimoja. Endeleeni kumenya kunde, masikio hayamenyi.

Katika nchi hiyo, mtu alipokufa, watu hawakulia kwanza. Waliuliza kwanza. Mjomba mkubwa wa ukoo alichukua unga, akaumimina chini taratibu mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo, akaufunika kwa chungu. Asubuhi akafunua. Unga ukiwa umesimama, walisema, kifo hiki ni cha Mungu. Wakanyoa nywele, wakashukuru, wakarudi shambani. Unga ukiwa umeanguka, walisema, hiki ni cha Shetani. Na Shetani, walisema, hawezi kuingia kijijini mpaka afunguliwe mlango na mtu. Wakamtafuta huyo mtu, wakamtoa, akaenda zake porini. Porini kulikuwa na simba. Hakuna aliyewahi kurudi kusema alifika wapi.

Hivyo ndivyo walivyofanya, na baba zao hivyo, na baba za baba zao hivyo.

Ukaja mwaka wa njaa. Mtama ulikauka ungali mfupi kama kidole. Kunde zilikauka. Hata panya walihama. Watu wakaingia porini kuchimba ndiga. Chande, unaijua ndiga?

Siijui, Bibi.

Bora usiijue. Ni kiazi cha mwituni, kikubwa, cheupe ndani, kinapendeza macho. Lakini kina sumu. Ukikila kama kilivyo unalewa, unatapika, na ukiwa mdogo unakufa. Mpaka ukimenye, ukikate vipande vyembamba, uvitie kikapuni, ukilaze kikapu kwenye maji yanayotiririka, siku baada ya siku, maji yaondoke na ile sumu. Ndipo unaanika, unatwanga, unapika. Na hata hapo unaonja kwa woga.

Kijitoni kulikuwa na utaratibu. Aliyetangulia kuweka kikapu alikaa juu, upande wa chemchemi. Aliyekuja baadaye alishuka chini yake. Aliyemfuata alishuka zaidi. Ukiuliza kwa nini, wazee walisema ni heshima, mgeni hakai mbele ya mwenyeji. Walikuwa wamesahau sababu, wakabaki na heshima tu. Sasa heshima ikikutana na njaa, sina haja ya kuwaambia nani alirudi nyumbani ameshiba.

Palikuwa na mwanamke jina lake Nangumbi. Alikuwa na mtoto wa kiume, Mtepa, anayekimbia na kuuliza maswali, na kachanga ka kike mgongoni. Aliishi na mama yake mzazi, Somoe, mwanamke mzee mwenye mdomo mkali. Somoe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka kikapu cha ndiga kijitoni mwaka ule. Alingoja. Watoto walilia, akangoja. Majirani walimcheka.

"Somoe, unaroweka ndiga au unafuga samaki?"

"Nafuga meno yako," alijibu. "Yasije yakang'oka kwa haraka."

Siku zilipotimia akachukua sehemu ya vipande, akaanika, akatwanga, akapika ugali. Mtepa alikula kwanza kwa sababu alikuwa mdogo na alikuwa amelia sana. Somoe alikula kidogo. Nangumbi hakuwa amefika bado, alikuwa porini akichimba.

Aliporudi, mama yake alikuwa anatapika mlangoni. Mtepa alikuwa amelala juu ya paja la bibi yake, mchana kweupe, midomo myeupe. Hakuamka.

Wakamzika. Mjomba Likwata, kaka yake Somoe, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Akatafuta unga. Unga wa mtama haukuwepo nchi nzima, kwa hiyo akamimina unga wa ndiga. Mmeona unga wa mtama, unashikana. Unga wa ndiga uko kama mchanga.

Uliporomoka, Bibi?

Uliporomoka hata kabla hajaufunika. Lakini akaufunika, kwa sababu ndivyo ilivyofanywa. Asubuhi akafunua, watu wakasema kwa sauti moja: ni cha Shetani.

Halafu wakaanza kutazamana. Nani alimfungulia? Chakula kilitoka chungu cha nani? Mkono wa nani ulimlisha? Macho yote yakaenda kwa Somoe.

Likwata aliinamisha kichwa. Ni dada yake, walinyonya ziwa moja. Akasema, "Dada, jua likizama, utaondoka."

"Nimesikia, kaka," Somoe akasema. "Miguu yangu mibovu, mtaniazima fimbo?"



Nangumbi alikuwa amekaa chini na mtoto mgongoni. Jana alimzika mwanawe, leo anamtoa mama yake. Akasimama. "Mjomba, nipe ruhusa nikaulize."

"Ukamwulize nani?"

"Mnasema ni Shetani. Anakaa kinamasini, si mbali. Nitamwuliza yeye mwenyewe."

Watu wakashika vichwa. Likwata akasema, "Nenda, lakini jua halitakungoja."

Nangumbi akashuka, akashuka, akashuka mpaka kinamasini. Maji yamesimama, mbu wengi, harufu mbaya. Akaita, "Hodi."

"Karibu," sauti ikajibu kutoka kwenye matete. "Nani huyo ana adabu? Wengine huja kunitukana tu."

"Mimi ni Nangumbi. Mwanangu amekufa. Wanasema ni wewe."

"Ni mimi," Shetani akajibu upesi. "Hasa. Ni mimi kabisa."

"Ulimuua vipi?"

"Nilimkaba usiku akiwa amelala."

"Amekufa mchana."

"Nilitaka kusema mchana. Nilimkaba mchana kule shambani."

"Amekufa nyumbani, juu ya paja la bibi yake."

Matete yakatikisika kidogo. "Mama, mbona unanibana hivyo? Nilimkaba juu ya paja."

"Shingo haikuwa na alama. Midomo ilikuwa rangi gani?"

"Myekundu," Shetani akasema.

 Mtu hodari wa kuongopa huchagua uongo mmoja akaushika. Huyu alikuwa anaokota kila alichopewa.

"Hukuwepo," akamwambia.

"Kwani inakuuma nini nikisema nilikuwepo? Mimi nikisema ndiyo, wenzako wanaridhika, mjomba wako anaridhika, wewe unapata wa kumlaani. Mimi napata jina. Miaka yote wananiletea vifo mpaka hapa mlangoni, vingine hata sivifahamu, navipokea vyote. Mtu hukataa zawadi?"

"Na kesho mtoto huyu wa mgongoni akila kilekile alichokula kaka yake?"

"Utakuja tena," Shetani akasema, "na nitasema ni mimi tena." Akacheka, mapovu ya maji yakatokeza juu.

Nangumbi aligeuka bila kuaga. Akapanda, akapanda, akapanda. Alipita kijito chote mpaka juu kwenye chemchemi, pale maji yanapotoka chini ya jiwe. Hapo ni kimya, majani mabichi hata mwaka wa njaa. Akapiga magoti.

"Ee Mungu, Shetani amesema uongo. Basi ni wewe? Kama ni wewe, niambie, nirudi niwaambie, mama yangu abaki. Na uniambie pia, kwa nini uliweka sumu kwenye ndiga? Ungeweza kuiweka kwenye kitu kisicholiwa."

Akangoja.

Mungu akasema nini, Bibi?

Hakusema. Maji yalitoka chini ya jiwe, basi. Akangoja tena. Maji yalitoka chini ya jiwe. Kachanga kakaanza kulia kwa kiu. Nangumbi akachota kwa kiganja, akakanywesha, akanywa na yeye. Maji yalikuwa matamu. Akajiuliza, maji matamu hivi, mbona yale tunayochota kijijini siku hizi yanawasha koo?

Akaanza kushuka akifuata kijito, anaonja. Hapa matamu. Hapa matamu. Akafika kwenye kikapu cha kwanza, vipande vimekatwa juzi tu, vyeupe pe. Akaonja chini yake. Yanawasha. Akateremka kwenye kikapu cha pili, yanawasha zaidi. Kikapu baada ya kikapu, vyote vipya, kila kimoja kimepandishwa juu ya mwenzake. Mwaka ule kila aliyekuja alisema, mimi nikishuka mpaka chini kule nitachoka, nitaweka hapa juu kidogo tu. Aliyemfuata akaweka juu kidogo tu. Maji yenyewe yalikuwa membamba kama mkia wa mbuzi.

Na chini kabisa, nyuma ya vyote, kikapu cha Somoe. Cha kwanza kuwekwa. Sumu ya kijiji kizima ilikuwa inapita ndani yake, siku zote alizongoja.

Nangumbi akatazama kikapu kilichokuwa juu yake, karibu kabisa. Kilifungwa kwa gome lililosokotwa mara mbili. Alilijua gome hilo. Alilisokota yeye mwenyewe. Siku ile jua lilikuwa kali, mtoto mzito mgongoni, akasema, nitaweka hapa tu kwa mama, mama hatakasirika.

Rukia, usilie, bado sijamaliza.

Alikaa pale ukingoni. Angeweza kukivuta kikapu chake akakificha, halafu akawaita watu waone vya wenzake. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Lakini hakukigusa. Alirudi kijijini, akamkuta mama yake amekaa na kifurushi chake, na mtu ameshamletea fimbo.

"Mjomba, njoo kijitoni," akasema. "Watu wote njooni."

"Amesemaje Shetani?" wakauliza.

"Amesema ni yeye. Muongo. Njooni muonje maji."

Walikwenda kwa kunung'unika, wakisema huzuni imempanda kichwani. Nangumbi akamchotea mjomba wake juu ya vikapu, akanywa. Akamchotea chini ya kikapu cha kwanza. Likwata akanywa, akakohoa. Akakitazama kikapu hicho. Kilikuwa chake.

 Halafu wote wakasema kwa pamoja. Mimi nilikuta cha fulani kimeshapanda. Mimi nilikuta cha yule. Mimi niliweka chini, mtu akakisogeza. Nani alianza? Kila kidole kilikuwa na mtu wa kumwonyesha.

"Hiki ni changu," Nangumbi akasema, akashika gome lile. "Kiko juu ya cha mama yangu. Sumu yangu ndiyo iliyomfikia Mtepa kutoka karibu kuliko zote."



Likwata, mkubwa wa ukoo, akavua nguo ya mabegani, akaingia majini. Akakibeba kikapu chake kichwani, maji yanamchuruzika usoni, akapita mbele ya watu wote, akaenda kukilaza chini ya vyote, huko karibu na matete. Mwingine akamfuata. Mwingine akamfuata. Mpaka juu ya kikapu cha Somoe kikabaki kile cha Nangumbi tu.

Nangumbi hakuweza kukibeba chake. Mama yake akaja na ile fimbo, akakaa karibu naye.

"Nilikuona siku ile ukikiweka," Somoe akasema. "Nilikuwa ng'ambo nachuma mboga. Nikataka kukuambia shuka chini, mwanangu, ndivyo inavyotakiwa. Nikakuona umechoka, nikanyamaza. Mimi, mwenye mdomo huu."

Kisha akalaza fimbo chini, akasema, "Mlete huyo mdogo nimshike. Wewe ukahamishe kikapu."

Nangumbi akamfungua mtoto, akampa, akaingia majini.

Jua likazama. Hakuna aliyeondoka kijijini.

Tangu siku hiyo, nchi ile, mtu akifa, hakuna anayesema Mungu, hakuna anayesema Shetani, mpaka watu wamekwenda kijitoni kwanza. Wanatembea toka juu hadi chini, wanaonja. Na huwa wanakuta. Kikapu kimepandishwa, chungu hakikufunikwa, mtu aliona akanyamaza. Wanakihamisha kabla ya kulia.

Na wasipokuta kitu, Bibi? Wakitembea kijito chote, maji ni matamu, na mtu amekufa?

Chande, wewe na Mtepa mngeelewana. Wasipokuta kitu wanarudi, wanakaa na mfiwa, wanalia naye. Unga hawamimini tena.

Lakini ni nani sasa? Mungu au Shetani?

Shetani ukimwuliza atakwambia ni yeye, na mnajua sasa jinsi ya kumsikiliza. Mungu aliulizwa pale chemchemi na Nangumbi, kwa magoti, kwa nini ndiga ina sumu. Sijasikia kama alijibiwa. Mimi nimezika watu, nami nimeuliza, bado nangoja. Ninachokijua, wanangu, ni hiki tu. Kabla hujamlaumu Mungu, kabla hujamlaumu Shetani, tembea kijito. Kikapu chako ukikikuta juu ya cha mwenzio, kibebe mwenyewe.

Nimewapeleka, nimewarudisha. Mliyoyakuta huko msiyamwage njiani. Haya, nileteeni hizo kunde, na anayechota maji leo achote juu.