Pipa Lisiloonjwa

Kila zabibu zilipokwisha kuvunwa pale Hombolo, Mzee Chidumizi, mwenye shamba, alikuja kuonja mvinyo mpya wa Nyemo, mtengeneza mvinyo wake, na kuondoka na pipa litakalodumu zaidi. Mwaka huo yalikuwapo mawili.

Nyemo akamimina kikombe kutoka la kwanza, akatangulia kuonja, kama wafanyavyo wapika pombe wote kumtoa mgeni wasiwasi wa sumu, kisha akampa.

"Mwepesi," alisema mzee. "Kabla ya Krismasi utakuwa siki. Lete wa pili."

Nyemo akamimina wa pili, akamkabidhi kikombe moja kwa moja.

"Mbona huu huonji?"

"Onja tu, mzee wangu. Huu utaishi kuliko sisi sote."

Mzee akakikodolea macho kikombe. "Kuna aliyekwisha kuuonja?"

"Paka aliulamba asubuhi."

Paka mwenyewe alikuwa kando ya pipa, kalala chali, miguu juu.

Mzee akakiweka kikombe chini taratibu. "Unajua, ule wa kwanza nilikosea. Utadumu."

Akapakia pipa la kwanza, akaondoka. Vumbi la gari lake lilipotulia, Nyemo alikichukua kikombe kile, akakimaliza mpaka tone la mwisho. Paka akapiga miayo, akageuka ubavu, akaendelea kulala.