Nafasi Moja ya Kwenda Salvador

Sogeeni niwasimulie, kisha mnisaidie kuamua.

Mbeya kulikuwa na wanawake watatu. Bi Atuganile, nesi mstaafu, alijua kuandika maneno yakamwingia mtu. Sekela, msusi, alijua kuwafanya watu waseme. Tunu, mwanafunzi wa uzamivu, alijua kuuliza, na akiuliza hachoki.

Bi Atuganile aliachwa na mumewe akiwa na miaka hamsini. Alilia mwaka mzima, kisha akaandika kitabu cha kuwasaidia wanawake kujiinua. Sura moja iliitwa "Jumapili Usipike." Wachapishaji walikikataa, akakichapisha mwenyewe, nakala zikajaa chini ya kitanda.

Nakala moja aliipeleka saluni kwa Sekela. Sekela akamwomba kila mteja asome, ajaribu, kisha arudi kuandika pembeni mwa ukurasa yaliyompata. Baada ya miaka sita kurasa zilikuwa zimejaa. Mmoja aliandika: "Nimejaribu. Baba watoto sasa anapika wali, ila chumvi bado." Mwingine aliandika: "Leo nimelala bila kulia."

Tunu alikwenda kusukwa nywele, akakisoma kitabu hicho mpaka akasahau kuondoka. Alikuwa akitafiti vitabu ambavyo wanawake weusi huwaandikia wanawake wenzao ili kujisaidia. Msimamizi wake alimwambia hivyo ni vya saluni, si vya taaluma, abadili mada. Hakubadili. Aliwatafuta walioandika pembeni mmoja mmoja, hadi wilayani Kyela, akaandika tasnifu iliyosifiwa hadi ng'ambo.

Ndipo ikaja barua kutoka Salvador, Brazili. Wanawake weusi wa nchi nyingi wangekutana kuzungumzia vitabu hivyo, na kazi hii ya Mbeya ndiyo ingefungua mkutano. Ila tiketi ilikuwa moja, na jina lilitakiwa Ijumaa.

Wakakutana saluni.

"Wanangu," alisema Bi Atuganile, "bila mimi mngesoma nini?"

Sekela akacheka. "Mama, kitabu chako kilikuwa kimelala chini ya kitanda. Wateja wangu ndio waliokiamsha."

Tunu akasema kwa upole kwamba yeye alihatarisha shahada yake, na bila hivyo Salvador wasingesikia lolote.

Hakuna aliyekasirika, na hakuna aliyekubali kubaki. Kila mmoja alikiri kwamba wenzake nao wana haki. Ijumaa asubuhi wakapatana: mtu wa kwanza kuingia saluni ndiye atakayeandika jina.

Mlango ukafunguliwa, ukaingia wewe. Wote watatu wanakutazama, fomu ya tiketi iko mezani. Je, ungeandika jina la nani?