Nani Alimrudishia Bi Mwantumu Ulimi Wake

Hapo zamani. Msiniulize zamani gani. Si ile ya fisi kuvaa kanzu. Ni zamani hii hii yetu, watu wana simu mifukoni na harusi bado zinapikiwa kuni uani. Sogeeni basi, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, asije akaniinukia katikati. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi na kila mara watu wanagombana. Mimi mwenyewe kimenichanganya kichwa, na leo nataka mnisaidie.

Tanga, nyuma ya soko, aliishi mpishi wa harusi aliyeitwa Bi Mwantumu. Hakuna aliyeoa mtaa ule bila pilau yake. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele, mlango wake barabarani, na ndani yake alipanga masufuria makubwa, masinia, na miko mirefu kama makasia. Vyombo hivyo havikupatikana kwingine. Kwa hiyo aliyekuwa na chumba kile ndiye aliyekuwa na harusi zote za mtaa.

Siku moja Bi Mwantumu akashikwa na homa. Homa ikaondoka, lakini ikaondoka na ladha. Kusema alisema, tena sana, ila ulimi wake haukuonja kitu. Akilamba asali, hakuna. Akitafuna tangawizi, hakuna. Akila pilipili, anatoka jasho tu, ladha hakuna. Akajikaza, akaenda kupika harusi ya binti wa imamu, akatia chumvi kwa kukisia. Jamani! Wageni walikunywa maji mpaka pipa likakauka, na bwana harusi akalala na kiu.

Bi Mwantumu akalia mbele ya wanawake wote uani. Halafu akajipiga kifua akasema, "Wallahi, atakayenirudishia ulimi wangu, chumba changu cha mbele ni chake, na vyombo vyote vilivyomo. Awe ndugu, awe mgeni."

Mlisikia? Awe ndugu, awe mgeni. Na kiapo ni kiapo.

Basi wakaja watu. Aliyekuja na dawa ya majani akaja, aliyekuja na kombe, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, akaja. Daktari akamtazama ulimi, akasema, "Bibi, huu utarudi wenyewe utakapotaka. Subiri." Bi Mwantumu akamjibu kwamba kusubiri hata yeye anajua, hakuhitaji kupanga foleni kuja kufundishwa.

Sasa, ndani ya nyumba ile kulikuwa na Mashavu, mke wa mwanawe. Tangu aolewe, kazi ya Mashavu ilikuwa kumenya vitunguu na kukaa kimya. Lakini ladha ya mama mkwe ilipoondoka, nani angeonja? Ikawa Mashavu anapika na Bi Mwantumu anakaa kwenye kigoda, anaamrisha.

"Chumvi?"

"Imetosha, mama."

"Imetosha kwa nani? Kwa ng'ombe?"

"Imetosha kwa watu, mama."

Na kweli ilitosha. Harusi zikapikwa, watu wakajilamba vidole, sifa zikaenda kwa Bi Mwantumu. Mashavu kila alipopata nafasi alimshika mama mkwe mkono, akampeleka hospitali, akampeleka kwa shekhe, akampeleka tena hospitali.

Siku moja wanarudi hospitali, jua limewaka, Bi Mwantumu miguu imechoka na mdomo haujachoka. Wakafika kwa Shomari.

Shomari huyu alipika miaka mingi katika hoteli za mbali, akarudi Tanga na akili mpya. Alifungua kijiduka cha mkate na soseji. Jina la Kizungu la chakula kile hakuliandika ukutani, maana alijua watu wangeuliza ni mbwa gani huyo. Soseji alizitengeneza kwa mkono wake, nyama ya ng'ombe aliyoisaga mwenyewe na kitunguu saumu na pilipili manga, akazifukiza kwa moshi wa makumbi ya nazi. Mkate aliuoka kwa maziwa. Juu yake unachagua: kachumbari, ukwaju, yai, hata jibini kama unajisikia. Mabenchi marefu, sahani za plastiki, mtu unakaa na yeyote aliyekuwapo. Chakula kizuri, lakini wenyeji walikuwa wazito kununua, na mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia Shomari ahame. Pa kuhamia hakuwa napo.

"Tupumzike hapa, mama," Mashavu akasema.

"Hapa? Mimi, Mwantumu, nile mkate wenye utumbo ndani, kwenye benchi, kama mtoto wa shule?"

"Kaa tu, mama. Kula si lazima."

Akakaa. Shomari akamtambua. "Shikamoo, bibi." Akachagua soseji nzuri kuliko zote, akaukausha mkate kwenye siagi, akapanga kachumbari kama anapamba bibi harusi, akaleta. Bi Mwantumu akauma. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Kitambaa," akasema. "Kitambaa cha moto." Akaisukuma sahani. Hasira zilimpanda, na uchungu pia, kwa sababu pua ya mtu hata ikinusa vizuri, ulimi ukikataa umekataa.

Mkabala naye, kwenye benchi la upande wa pili, alikaa mgeni. Jina lake Semboja, fundi wa magodoro kutoka Korogwe, amekuja mjini kununua pamba. Yeye naye aliagiza mkate na soseji, vile vile kama wa Bi Mwantumu. Lakini kabla hajaula alifungua mkoba, akatoa kichupa. Ndani yake mlikuwa na achari ya ndimu, kidogo tu chini kabisa. Mkewe Namkunda aliitengeneza kabla hajafariki. Semboja alikuwa akiila kwa kujinyima, tone kwa tone, na siku ile yalibaki matone ya mwisho. Akakigonga kichupa, akakikwangua kwa kijiti, akapaka yote juu ya soseji yake. Akainua mkate. Ndipo akainua na macho, akaona mama mtu mzima anamtazama.

Ungefanya nini? Alifanya mlichofundishwa wote. Akasema, "Karibu, mama."

Sisi tunaijua karibu hii. Ukila mbele ya mtu unamkaribisha, na yeye anajibu ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Anayekaribisha hakusudii, anayekaribishwa hakusudii, na wote wawili ni waungwana. Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Bi Mwantumu akanyosha mkono, akauchukua ule mkate.

Ala! Mashavu akashika mdomo. Shomari akaangusha koleo. Semboja mikono ikabaki hewani, imeshika hewa tupu. Aseme nini? Ameshakaribisha.

Bi Mwantumu akauma. Akasimamisha taya. Machozi yakamtoka, yakateremka mpaka kidevuni.

"Ndimu," akasema. Akauma tena. "Moshi. Moshi wa makumbi!" Akauma tena. "Kitunguu saumu... na chumvi imezidi kidogo."

Mashavu akapiga kigelegele mpaka watu wakatoka sokoni. Bi Mwantumu akala, akala, akaumaliza wote na kulamba vidole. Kisha akavuta ile sahani yake ya kwanza, ule mkate alioutukana, akauonja. Na wenyewe ukawa na ladha! Akaonja ukwaju, upo. Akaonja siagi, ipo. Akaomba maji, akasema hata maji yana ladha, ya bomba yana ya bomba na ya kisima yana ya kisima, na mtu asimdanganye tena.

Furaha ikajaa. Halafu mtu mmoja mlangoni, mwenye mdomo wake, akauliza, "Na chumba je?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Shomari akasimama wa kwanza. "Bibi, nani alikutengenezea soseji? Mimi. Nani aliifukiza kwa makumbi? Mimi. Umesema mwenyewe moshi, umesema kitunguu saumu. Bila mkono wangu ungeuma nini? Chumba ni changu, nami nakihitaji, maana hapa natolewa."

"Lakini soseji yako aliila mwanzo akasema kitambaa!" wakapiga kelele watu.

"Na sasa anasema ni nzuri. Ni soseji ile ile. Mniambie nyinyi nini kimebadilika."

Watu wakaichungulia sahani, kama vile jibu limo ndani yake.

Mashavu naye akasema, kwa sauti ambayo hakuzoea kuitumia. "Nani alimtoa nyumbani? Mimi. Nani alimshika mkono hospitali na kwa shekhe? Mimi. Nani alimleta kwenye benchi hili naye hataki? Mimi. Bila mimi angekuwa kitandani, soseji iko huku na achari iko kule. Chumba ni changu."

"Dada," Shomari akasema, wala hakusema kwa ubaya, "wewe ni mke wa mwanawe. Ulilolifanya ni wajibu wako. Nani anapewa zawadi kwa wajibu?"

Baadhi ya wanawake wakatikisa kichwa kukubali. Wengine wakamwangalia Shomari kwa jicho ambalo nisingependa kuangaliwa nalo.

Mashavu akasema, "Haya, ni wajibu. Lakini sikilizeni. Mama alipokosa ladha, mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Leo ladha imerudi, mimi narudi kwenye vitunguu. Nilijua hivyo siku zote. Kila nilipompeleka hospitali nilijua kwamba akipona mimi nimekwisha. Na nikampeleka. Huo nao ni wajibu?"

Hata muuza maji akatua ndoo zake, akasogea kusikiliza.

Semboja alikuwa bado amekaa, amekishika kile kichupa. Wakamwuliza, nawe unasemaje?

"Mimi sitaki chumba," akasema. "Nataka achari yangu."

"Imekwisha, baba."

"Najua imekwisha. Aliyeitengeneza naye hayupo. Sitadanganya watu, mimi nilikaribisha kwa adabu tu. Sikutaka achukue. Alipochukua moyo uliniuma, na hadi sasa unauma." Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini kama kuna anayelipwa kwa alichokitoa, ni nani aliyetoa kuliko mimi? Shomari ana soseji nyingine ndani. Huyu dada ana mkono mwingine wa kumshika mama mkwe wake kesho. Mimi nina kichupa kitupu. Namkunda alitamani maisha yake yote apikie harusi moja tu, hakuitwa. Nipeni chumba, niandike jina lake mlangoni. Bila yeye bibi huyu angekuwa anatafuna kitambaa."

"Lakini umesema hukukusudia kutoa!"

"Ndiyo. Na nimetoa."

Mzozo ukawaka. Mmoja akasema wote waondoke, daktari alishasema ulimi utarudi wenyewe, na ulirudi siku yake, kwa hiyo hakuna anayestahili. Mwingine akasema kama ni hivyo mbona haukurudi kwa soseji ya kwanza. Wa tatu akasema ni hasira, bibi alipokasirika damu ilichemka, ulimi ukaamka. Achari haikuwapo tena ya kujaribia. Wakamgeukia Bi Mwantumu mwenyewe: wewe uliyeonja, ni nini kilichokuponya?

"Sijui," akasema Bi Mwantumu. "Wanangu, wallahi sijui. Nilikuwa nimechoka, nina hasira, nikaona mtu anakipenda chakula chake namna ile, nikamwonea wivu. Nikauma. Ikaja. Ilikotoka sikuona."

Wakaondoka wote kwa miguu hadi nyumbani kwake, na mtaa mzima nyuma yao. Msiniambie wagawane. Niliwahi kuambiwa hivyo, na nikauliza, harusi ikija leo, mwiko anashika nani? Na msiniambie avunje kiapo, maana alikitoa mbele ya watu, kwenye harusi.

Akasimama mbele ya mlango wa chumba, akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. Kushoto Shomari, nyuma yake mwenye nyumba wake anangoja kumtoa. Kulia Semboja, na kichupa chake. Mbele yake Mashavu, ambaye ndani ya chumba kile alijua kila sufuria kwa sauti yake likigongwa.

Mashavu hakuomba tena. Alisema, "Mama, mpe unayemtaka. Ila ukimpa mwingine kwa sababu mimi ni mkweo, basi litamke hapa, watu wasikie, kwamba mgeni akikufanyia jema anahesabiwa, na mimi nikikufanyia sihesabiwi."

Bi Mwantumu akamtazama kila mmoja kwa zamu. Ufunguo uko mkononi, mkono umenyoshwa katikati.

Mimi niliuacha hapo, na kila nikijaribu kuusogeza unarudi. Nikiupeleka kwa Mashavu namwona Semboja anakwangua kichupa. Nikiupeleka kwa Semboja namsikia Mashavu. Nikiupeleka kwa Shomari nyote mnanizomea, na bado ni yeye aliyepika.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza. Aliyepika, aliyemleta, au aliyesema karibu bila kukusudia: je, nani alistahili?