Kwa Nini Meno ya Kuyu Yako Kooni

Usiku wa manane, baridi ikikaza, watu wa bonde la Ruhundu walikuwa wakisikia mtoni ka-ka-ka-ka, ka-ka-ka-ka, mpaka kunakucha. Hawakushtuka. Walijua ni kuyu wanatetemeka kilindini na meno yao yanagongana, kwa sababu enzi hizo samaki kuyu alikuwa na meno mbele ya mdomo kama mbwa, na sauti alikuwa nayo, tena msemaji kuliko viumbe vyote vya majini. Alichokiona ukingoni usiku, asubuhi wanawake waliokwenda kuchota maji walikipata chote, nani kapita, kapita na nani, kabeba nini. Mtu mmoja aliwahi kuiba boga akaliosha pale mtoni, na kabla halijaiva jikoni kijiji kizima kilishajua lilikuwa na ukubwa gani.

Usiku mmoja aliyekuwa akiusikiliza mgongano huo ni Tusekile, mwanamke kijana, mzazi wa mtoto mmoja. Alikuwa macho kwa sababu mwanawe Ambwene alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena, na hakuna kilichotoka. Maziwa yalikatika tangu umande ulipoanza kuganda majanini, mweupe kama unga. Mumewe alikuwa amekwenda ziwani kutafuta chumvi na hakuna aliyejua atarudi lini, mama mkwe alikwisha fariki, na uji wa ulezi peke yake haukurudisha kitu. Kinachorudisha maziwa ni mchuzi wa samaki, hilo kila mzazi alilijua, ila wakati wa baridi samaki wengine wote walishuka chini kwenye maji ya vuguvugu, akabaki kuyu tu, amelala kilindini mzito kama gogo.

Kulipokucha akamwendea wifi yake, Tumpe, akamkuta anapepeta ulezi.

"Kuyu?" Tumpe akasema, ungo hausimami. "Mshipi ataukata kwa meno. Na ukibahatika kumpata, wifi yangu, utamla leo, na kesho ndugu zake watatangaza ulivyomla, mpaka namna ulivyolamba vidole."

"Watangaze. Mtoto anakwisha, Tumpe."

"Basi mwombe baba akuvulie."

Tumpe mwenyewe alicheka aliposema hivyo, kwa maana huyo baba alikuwa baba mkwe wa Tusekile, na katika bonde lile mkamwana hakusema na baba mkwe wake, hakumtazama, wala jina lake hakulitamka. Nasi hatutalitamka, tutamwita babu yake Ambwene. Mkamwana akitembea alikohoa, na mzee aliposikia kikohozi aliiacha njia akaingia porini mpaka apite. Waliokutana uso kwa uso walikuwa wamevunja nyumba. Mwanamke alirudishwa kwao siku ileile, na mtoto akabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, Tusekile akasonga ugali mgumu wa ulezi, akaufunga katika jani la mgomba ungali wa moto, akachukua mshipi wa mumewe na ndoana ya mwiba, akamfunga Ambwene mgongoni, akatoka. Hakwenda kivukoni wanakochota wanawake, alipanda juu kwenye kilindi, ambako hakuwahi kufika, kwa hiyo hakutazamia kukuta mtu. Ukungu ulikuwa umelalia maji. Njiani kikohozi kilimpanda akakimeza, akaona samaki watasikia watakimbia, akakimeza tena, na alipozunguka jabali kubwa la ukingoni akawa amesimama mbele ya babu yake Ambwene, mshipi mkononi, macho kwa macho.

Akageuka. Mzee naye akageuka. Wakabaki wamepeana migongo, na Tusekile akawa anafikiri tu Ambwene atalala na nani leo, atalala na nani, nani atajua kwamba anapenda kushikwa sikio akilala.

Kuyu mkubwa akatoa kichwa majini.

"Nimeona," akasema. "Nimeona vizuri kabisa. Leo wachota maji watachelewa kurudi nyumbani."

Mzee akasema bila kugeuza shingo, "Ambwene, mwulize mama yako kwa nini hakukohoa."

"Ambwene, mwambie babu yako nilihofia samaki watakimbia."

"Mwambie samaki wa baridi hakimbii kikohozi, hukimbia kivuli. Mwambie na hili. Nipo hapa tangu alfajiri natafuta mchuzi wako wewe, maana nakusikia usiku unavyolia, na mishipi niliyokuja nayo huyu mwenye meno ameikata, umebaki huu mmoja."

"Na huo uliobaki nitaukata," kuyu akasema, lakini alisema kwa shida, meno yanagongana ka-ka-ka-ka.

Kusema na samaki hakukuwa na mwiko. Tusekile akainama majini.

"Unasikia baridi."

"Meno yananiuma mpaka machoni."

"Nina ugali hapa. Wa moto."

"Wa ulezi?"

"Wa ulezi. Lakini hili uliloliona usimwambie mtu."

Kuyu akautazama moshi unaotoka katika jani. "Naapa," akasema. "Simwambii mtu."

"Ambwene," mzee akasema, "mwambie mama yako huyu aliniapia hivyohivyo habari ya lile boga."

Tusekile alisikia, na aliogopa, ila hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Akaufungua ugali akautupa majini, jani likabaki ukingoni. Kuyu akauuma wote kwa mkupuo mmoja. Ugali ule ulikuwa umesongwa na mtu mwenye hofu, ulikuwa mzito, unanata, meno yakazama ndani hayakutoka. Kuyu akavuta huku, akavuta kule, yakang'oka yote yakabaki katika tonge, na kwa kuwa joto lilikuwa tamu hakutaka kutema, akameza. Meno yakashuka na ugali mpaka kooni, yakakuta pana joto, yakajikita hukohuko. Maumivu yakamwisha. Akafungua kinywa aseme alivyopona. Neno likapanda kutoka tumboni, likakutana na meno kooni, likatafunwa. Akajaribu tena. Mdomo ulifunguka ukafunga, ukafunguka ukafunga, na hakikutoka kitu ila mapovu.

Kuyu wengine walipoona mwenzao ameacha kutetemeka wakajaa ukingoni wakigombania mabaki yaliyogandia jani, na kila aliyeuma alimeza na meno yake. Mzee akapapasa nyuma yake, akachovya ndoana yake katika mabaki hayo, akaitupa nyuma yake bila kutazama. Kuyu mmoja mnene akaikamata, akataka kukata mshipi, hakuwa na cha kukatia. Mzee akamvuta, akamlaza juu ya jiwe.

"Ambwene," akasema, "mimi nimesahau samaki wangu hapa jiweni. Mzee kusahau si ajabu."

Akashika njia ya juu, anakohoa yeye, hatua kwa hatua, mpaka ukungu ukammeza.

Mchana ule Tusekile alikunywa mchuzi wa moto. Jioni Ambwene alinyonya hakuachia, akalala akishikwa sikio. Wachota maji walikwenda kivukoni wakasubiri habari za asubuhi, wakaona midomo inafunguka na kufunga, wakajaza mitungi wakarudi.

Na tangu siku hiyo kuyu hana jino mdomoni. Mpasue umtazame, utayakuta kooni. Mto wa Ruhundu uko kimya usiku wa baridi, na mvuvi anayemtaka kuyu msimu huo humtegea tonge la ugali wa ulezi wa moto, kwa sababu midomo ile laini bado inatafuta joto. Pale kilindini wavuvi hukaa wamepeana migongo, awe mkwe, awe ndugu, awe mtu na adui yake. Anayeondoka huaga bila kugeuka, husema, "Sikumwona mtu." Na anayebaki humjibu, macho yake kwenye mshipi, "Nami simwambii mtu."